Diski Moja Mlimani, Nyingine Nyika

Nimestaafu, na wenzangu wa masijala wameniletea hapa nyumbani Soni daftari jipya na kalamu mbili. Wanataka niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Kalamu zimekuwa mbili kwa sababu wananijua: sitegemei kitu kisicho na mwenzake. Habari za vyeo sitazigusa. Anayetaka kujua nilipanda daraja lini akafungue jalada langu. Lipo, na nakala yake ipo. Nitaeleza tulivyojifunza kutunza kumbukumbu za kompyuta zisipotee, na jinsi zilivyokaribia kupotea kwa uzembe wangu mwenyewe. Hilo la mwisho najua ndilo mnalolisubiri.

Nilianza kazi wakati masijala yetu ya ardhi ina taipureta mbili na panya wasiohesabika. Aliyenifundisha ni Mzee Hoza, mtu mfupi, mpole, mwenye sweta moja ambalo sikuwahi kuliona likifuliwa wala likichafuka. Siku ya kwanza alinipa barua nichape. Nikaichapa vizuri, bila kosa, nikampelekea kwa mikono miwili. Hakuisoma. Alinyanyua kona ya karatasi, akatazama chini yake, akauliza:

"Kopi iko wapi?"

"Sikuweka kaboni, mzee."

"Basi hujaandika barua, umepiga umbea. Kesho wakikana, utawaonyesha nini?"

Nikarudi nikachapa upya. Siku hiyo nilirudi nyumbani vidole vyote vya buluu, mama akadhani nimeajiriwa kutia nguo rangi. Mzee Hoza alikuwa na desturi nyingine iliyotuchosha miguu: kopi haikukaa kabati moja na asili yake. Ilipelekwa chumba cha nyuma, kupita uani, mvua inyeshe isinyeshe. Alisema panya akianza karamu huku, kule hana habari. Sisi makarani tulimcheka sana mzee yule, kwa siri na kwa heshima.

Kompyuta ya kwanza ilipofika, Mzee Hoza alikuwa amekwisha kustaafu. Tuliipokea kama bibi harusi. Mmoja wetu alileta kitambaa cha kufuma kwa mkono, tukaifunika, na kila asubuhi tuliondoa kitambaa kwanza ndipo tukawasha. Wiki mbili za mwanzo hakuna aliyethubutu kuandika kitu cha maana ndani yake. Baadaye tukazoea, tukazidisha, tukaanza kumwaga kila kitu humo: barua, orodha za viwanja, vipimo vya mashamba. Kaboni zikakauka dukani, na mimi mwanafunzi wa Mzee Hoza nikasahau kuuliza kopi iko wapi.

Aliyeniuliza alikuwa Saidi, mtaalamu wa kompyuta aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga mjini. Saidi alikuwa mtu wa pwani hasa. Mwezi wa saba alivaa koti juu ya koti na kutushangaa sisi tuliovaa kanga tu mabegani. Alifungua kompyuta yangu, akasikiliza diski ya ndani inavyokwaruza, akatikisa kichwa.

"Mama Zubeda, hii ikifa leo, ofisi nzima inabaki na nini?"

"Inabaki na mimi," nikamwambia.

"Na wewe ukifa?"

Ndipo ofisi ikapata diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Nikanakili kila kitu. Saidi akaniachia usia mmoja: adui wa kitu hiki huku kwenu ni unyevu, kakiweke mahali pakavu kuliko pote unapopajua. Kweli tupu. Wanasema akiba haiozi, lakini aliyesema hakuwahi kuweka majalada Lushoto mwezi wa tano. Ukungu wetu unaingia dirishani bila kubisha hodi, na karatasi zinaota vinyweleo. Kabatini hapakufaa, na chumba cha nyuma ndicho kibaya zaidi.

Nikatafakari. Mahali pakavu kuliko pote ninapopajua? Msambaa yeyote aliyelelewa nyumba ya jiko la kuni atakujibu bila kufikiri: darini, juu ya mafiga. Hapo ndipo mbegu za mahindi hukaa mwaka hadi mwaka, moshi ukizifukuzia dudu, zisiote wala zisioze. Kama mbegu ya msimu ujao imesalimika pale tangu enzi za mababu, diski ni nani isisalimike? Nikaifunga kwenye kitambaa safi, nikampelekea mama yangu.

"Ni mbegu ya nini hii?" akauliza.

"Ni barua za ofisi, mama. Na vipimo vya mashamba ya watu."

"Zote humu?" Akaipima mkononi. "Basi ni mbegu ndogo sana." Akapanda ngazi, akaiweka katikati ya mahindi na maharage, mahali pa heshima kabisa.

Baada ya miezi miwili Saidi akataka aikague. Nikaileta. Kitambaa kilikuwa kimegeuka rangi ya kahawia, na diski yenyewe inang'aa masizi. Saidi akainusa. Akainusa tena.

"Mama Zubeda, hii uliikausha au uliibanika?"

Haikuwaka. Ilitoa sauti moja ya kukohoa, ikanyamaza milele. Bahati yangu nilikuwa nimeua nakala, asili ilikuwa bado hai kwenye kompyuta. Nilipomweleza mama, hakuonyesha huruma hata kidogo. "Mahindi yangu yameota yote," akasema. "Chako ndicho kimekataa." Ofisini nilitaniwa mwaka mzima, kila aliyepita mezani kwangu aliuliza kama nina nyama ya kukausha. Nilicheka nao, maana ukicheka mwenyewe utani unaisha mapema.

Ndipo kikaitishwa kikao cha kuchagua njia ya kufanya bakapu, yaani nakala za akiba, na nawaambia kilikuwa kikao kirefu kuliko vile vya bajeti. Wengine walitaka flashi. Tukazijaribu. Moja ilifuliwa ndani ya suruali ya dereva, ikaanikwa, ikapigwa pasi. Nyingine ilitoka kwenye duka la kuchapisha vyeti na kirusi kilichobadilisha majina ya mafaili yote. Flashi ni kitu cha kusafirishia, siyo cha kutunzia. Atakayewaambia vinginevyo ana flashi za kuuza.

Saidi alipenda tuweke kila kitu mtandaoni. Barua zilikwenda vizuri, maana barua ni nyepesi. Lakini kazi yetu ilikuwa imeanza kuwa na picha, na picha ni nzito. Tulianza kuzipandisha Jumatatu. Alhamisi tulikuta mtandao umekatika katikati na mashine inatuomba tuanze upya. Ilifika mahali tukiona mawingu yanatanda upande wa Magamba tunajua mtandao umekwisha kwa siku hiyo.

Nami nikanyoosha mkono. Nilijua watanicheka, na hawakuniangusha. Nikasema: bibi yangu alikuwa na shamba huku juu na shamba lingine nyika, kule tambarare ya Mnazi. Mwaka ambao mvua ilizidi na maharage ya mlimani yakaoza, tulikula mahindi ya nyika. Mwaka ambao nyika iliungua kwa jua, mlima ulitulisha. Wazee wa Shambaai, nchi yetu ya milimani, walikuwa wanashuka na kupanda miguu ikiuma, na hakuna mwenye akili aliyepanda vyote upande mmoja. Tununue diski mbili. Moja ikae huku, nyingine ikae kwenye chumba chetu kidogo cha Mnazi, na ziwe zinabadilishana.

"Kwa hiyo diski iende ikalime?" akauliza mmoja, watu wakaangua kicheko.

Saidi peke yake hakucheka. "Nimekaa chuoni miaka mitatu kufundishwa jambo hilohilo," akasema. "Nakala ya pili ikae mbali, mahali ambapo balaa la hapa halifiki. Ila hawakunifundisha kwa mahindi." Ikapita.

Utaratibu wenyewe niliuandika na kuubandika ukutani, na naomba msiubandue. Jumatatu ya kila wiki ya pili unanakili kwenye diski iliyopo. Ukimaliza, usiridhike na maneno ya kompyuta kwamba imefaulu. Fungua faili moja la zamani na moja la karibuni, uyaone kwa macho. Kisha chomoa. Bandika plasta, andika tarehe. Jumanne gari la ofisi likishuka nyika, diski hiyo inashuka nalo, na ile ya Mnazi inapanda, lakini kamwe zisikae gari moja, hata kwa dakika kumi. Kule Mnazi aliipokea Asha, karani mwenzangu, mwanamke asiyeamini mtu wala vumbi. Aliiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na mchele mkavu ndani ya kitambaa, mbali na dirisha na mbali kabisa na jiko. La jiko alilisisitiza kila nilipompigia simu.

Sasa nifike pale mnapopataka.

Tulikuwa tunapima mashamba ya kijiji kimoja njia ya kwenda Mtae, kijiji kilichokaa mgongoni mwa mlima kiasi kwamba ukimwaga maji hujui yataenda upande gani. Kazi ilikwenda hivi: mwenye shamba anasimama kwenye kona ya mpaka, mpimaji anachukua alama kwa GPS, kisha anampiga picha akionyesha kwa mkono mpaka unakokwenda. Kifaa kinamwagwa kwenye kompyuta yetu na kufutwa, kiende kijiji kingine. Fomu za karatasi na dole gumba huja mwishoni kabisa, kwenye mkutano wa kijiji. Katikati hapo, ushahidi wote uko kwenye kompyuta peke yake.

Mzee Hassani alikuwa mmoja wa waliopimiwa. Aligawa shamba lake mbele ya wapimaji: sehemu ya juu kwa mdogo wake, Mzee Bakari, sehemu ya bondeni, penye maji ya mfereji, kwa binti yake Mwanahawa, aliyemlimia kabichi na karoti hapo miaka yote ya uzee wake. Mkutano wa kijiji haujafika, Mzee Hassani akafariki. Arobaini ilipokwisha, Mzee Bakari akasema bonde ni lake, na kwamba kaka yake hakuwahi kugawa kitu. Mwanahawa akaja ofisini, mwanamke wa makamo, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Akanisalimia, akakaa ukingoni mwa benchi, akauliza:

"Mama, baba yangu mnaye?"

Nikamwelewa. "Tunaye," nikamwambia. "Njoo wiki ijayo na baba yako mdogo, tuwafungulie mbele yenu wote."

Alipotoka nilianza kunakili, maana ilikuwa Jumatatu. Kazi ikaisha, nikafungua faili moja la zamani na moja la karibuni, nikaridhika. Mvua ikaanza kunguruma. Kilichobaki ni kuchomoa. Nikasema nitachomoa nikitoka kunywa chai.

Radi ilipiga nguzo ya umeme nyuma ya ofisi nikiwa na kikombe mdomoni. Niliporudi, chumba kilinuka plastiki iliyoungua. Kompyuta ilikuwa imekufa. Diski ya nje, iliyokuwa bado imechomekwa, imekufa nayo. Nilikaa kwenye kiti changu na nikalia, sitaficha. Nililia kwa ajili ya mwanamke yule na viatu vyake mkononi, kwa sababu nilikuwa nimemwambia tunaye.

Saidi alijaribu kila ujuzi alionao. Mwishoni akaja akasimama mbele yangu na makoti yake mawili.

"Imebaki ya Mnazi," akasema. "Ilishuka lini?"

Ilikuwa imeshuka karibu wiki kumi nyuma. Barabara ya kushuka nyika ilikuwa imefunikwa na kifusi, na mabadilishano manne yalikuwa yamepita bila kufanyika. Na wapimaji walirudi kutoka kwa Mzee Hassani wiki hiyohiyo, ama siku moja kabla ya diski kushuka, ama siku moja baada. Hakuna aliyekumbuka. Mpimaji mmoja aliapa ni kabla, mwenzake akaapa ni baada, na wote wawili ni watu wa swala tano.

Nikampigia Asha. Nikamwomba asome plasta. Akasoma tarehe, na tarehe haikunisaidia, kwa kuwa sikujua wapimaji walirudi lini. Nikamwomba aichomeke kwenye kompyuta yake aniangalizie. Akakataa.

"Dada, nimebaki nayo peke yake duniani, nawe unataka niichomeke kwenye mashine yangu ambayo jana imezimika mara tatu? Siichomeki. Njoo uichukue."

Nilikasirika, na alikuwa na haki. Kifusi kilikuwa kimeondolewa nusu. Nikashuka na gari mpaka penye tope, nikavuka kwa miguu nikiwa nimekunja gauni, nikapanda pikipiki upande wa pili. Asha alinikabidhi kopo lote, na mchele wake, akanipa na chakula, na njia nzima ya kurudi sikuliachia kopo lile hata nilipoteleza. Niliangukia kiwiko. Kovu ninalo.

Nilirudi siku ambayo Mwanahawa na Mzee Bakari walikuwa wameshafika na wananisubiri. Wamekaa benchi moja, kila mmoja ncha yake. Mzee Bakari aliipokea salamu yangu kwa ukavu, kisha akasema kwa sauti ya kusikika hata nje:

"Tumeambiwa mashine imeungua. Basi maneno yameisha, au siyo?"

Mwanahawa alinigeukia. Akalitazama kopo mkononi mwangu.

Nilitamani nimwambie Saidi tufungue kwanza wenyewe, faraghani, tujue. Lakini nilikuwa nimeahidi kufungua mbele yao wote, na ahadi moja nilikuwa nimeshaivunja kwa kikombe cha chai. Saidi akaleta kompyuta mpakato yake, akaiweka ifanye kazi kwa betri, waya wa umeme akautupa mbali. Akachomeka. Diski ikanguruma, ikatulia. Majalada yakajitokeza, kijiji kwa kijiji. Kijiji kile kilikuwepo. Saidi akashusha orodha ya majina taratibu, nami nikasoma pamoja naye kimoyomoyo, mpaka jina la mwisho kabisa chini ya orodha, la mwisho kuingizwa kabla diski haijachomolewa: Hassani.

Akafungua picha.

Mzee alikuwa amesimama kwenye tope la bondeni, kofia kichwani, kanzu ameipandisha mpaka magotini. Mguu mmoja uko kwenye mfereji. Mkono wake umenyooka na fimbo, unaonyesha mpaka unavyopita juu ya kabichi. Anacheka, maana pembeni ya picha linaonekana bega la mtu mwingine na ncha ya bakora, na ni wazi mtu huyo alikuwa anamwambia kitu.

Mwanahawa alisimama. Aliinama kidogo mbele ya kompyuta, kama anavyoinama mtoto wa Kisambaa mbele ya mzazi.

"Shikamoo, tate," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mzee Bakari alikuwa amesogea mpaka nyuma yetu. Aliitazama picha muda mrefu, kisha akaitazama bakora iliyokuwa mkononi mwake, akaiegemeza ukutani. Akavua kofia.

"Mimi ndiye niliyekuwa namchekesha," akasema. "Nilimwambia atateleza." Akafuta uso kwa kofia. "Mwandikieni mtoto. Bonde ni lake."

Nikaandika. Kiwiko kilikuwa bado kinauma, na herufi za fomu ile si za kujivunia. Mkiliona jalada msinicheke. Walipotia dole gumba wote wawili, Mzee Bakari akachukua kofia yake na kuulizia gari la mwisho la kurudi. Nikawaomba wakae kidogo. Saidi alikuwa ameshatoa diski mpya kwenye boksi lake, ameichomeka upande wa pili, na mstari wa kunakili ulikuwa unasogea polepole.

"Bado tunasubiri nini?" mzee akauliza.

"Kaka yako, mzee wangu," nikamjibu. "Tunasubiri awe wawili."

Akavuta benchi, akakaa. Safari hii alikaa karibu na Mwanahawa.